Mche Namba Kumi na Tisa

Mbegu zilikuja ndani ya soksi,
soksi ya sufu, moja, isiyo na mwenzake,
kutoka kwa baharia mstaafu aliyeziokota
kisiwani huko bahari ya Korea,
ambako kamelia huchanua theluji ikiwa bado mabegani.
Arobaini na moja. Baba alizihesabu mara mbili,
kisha akanipa mimi, maana hakujiamini.

Ngumu kama njugu mawe.
Tukazilowesha usiku kucha katika bakuli la supu.
Zilizoelea akazitupa uani
(kindi wakashukuru),
zilizozama akazilaza kwenye mboji,
mboji kwenye mfuko, mfuko juu ya tangi la maji moto,
na Mama akauliza kilichokuwa kinaozea humo.

Wiki ya tano mzizi ukatoka.
Mzizi kwanza, kabla ya jani lolote,
mweupe, wenye haraka,
kana kwamba una miadi chini ya ardhi.
Baba akaukata ncha kwa ukucha wa kidole gumba.
Nikapiga ukelele.
“Usipouudhi,” akasema, “utashuka wima kama msumari.
Ukiuudhi, utatawanyika.”
Lowell Kistler, fundi wa reli:
kila kitu kwake kilikuwa msumari, au si msumari.

Miaka miwili dirishani, katika vikopo vya mtindi.
Wa tatu, nje, nyuma ya ghala,
kila mche na kibati chake, namba imegongwa kwa nyundo.
Sheria ilikuwa moja: hakuna kufunika.
“Baridi ndiyo itakayochagua. Mimi sichagui.”
Bi Hilda Moyer akacheka ng’ambo ya ua:
“Hayo ni maua ya watu wa kusini, Lowell.
Hapa Susquehanna utavuna fito.”

Januari ile mto uliganda bila kutoa sauti.
Kipimajoto cha barazani: nyuzi ishirini na tatu
chini ya sifuri.
Majani yalikuwa yameinama, rangi ya shaba.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Nikavaa viatu vya Baba, nikachukua blanketi la mbwa,
nikafunika mmoja.
Kwa nini kumi na tisa?
Ulikuwa karibu na mlango. Basi.
Laiti ningekuwa na sababu nzuri zaidi.
Kabla hakujapambazuka nikaliondoa,
nikafuta nyayo zangu kwa ufagio,
na nyayo za ufagio sikujua pa kuzificha.

Aprili akapita na ukucha uleule, akikwaruza magome.
Kahawia. Kahawia. Kahawia.
Thelathini na tatu: kijani.
Kumi na tisa: kijani.
Akaandika daftarini bila kuniangalia.

Ulichanua mwaka wa saba.
Ua moja, jekundu la kawaida tu, petali sita
na nyuki mmoja aliyekosea msimu.
Watu wakaja kuomba vipandikizi. Akawapa.
Cha Bi Hilda kilishika, kikavuka majira matatu ya baridi,
akaacha kucheka,
na mimi kila mwaka nikingoja kife,
nikiona haya kwa kungoja.

Leo redio inasema nyuzi ishirini na nne.
Baba ana miaka themanini na sita, miguu juu ya kibao.
Nimemwambia. Hatimaye nimemwambia.
Amekaa kimya kama anayetafuta msumari mfukoni.
“Wa Hilda ni thelathini na tatu,” anasema.
“Yote niliyogawa ni thelathini na tatu.
Kumi na tisa sikumpa mtu.”
Kisha: “Manyoya ya mbwa yalinasa kwenye tumba.
Niliyatoa mwenyewe.”

Nje theluji imeanza, ile nyembamba, ya kukaa.
Namuuliza kama tuufunike.
Hajibu. Anatazama mlangoni,
viatu vyake vipo palepale.
Sasa vinanitosha.